Kutoka Bahati hadi Mutubio: Historia ya Njia ya Mandhari ya Nyandarua

Njia ya mandhari ni njia ya gari inayopangwa ili msafiri aione nchi anayoipitia, na kwa sababu hiyo mpangaji wake hupima mambo ambayo mhandisi wa barabara kuu huyaweka nyuma: mahali ambapo bonde hufunguka mbele ya macho, mahali ambapo gari linaweza kusimama bila kuwazuia wengine, mpando ambao injini itaustahimili, na saa ambayo ukungu huinuka mlimani. Kwa wakazi wa Nairobi, mojawapo ya njia za aina hii zilizo karibu ni ile inayoikata Mbuga ya Taifa ya Aberdare, katika safu ya milima ya Nyandarua, kutoka lango la Ruhuruini upande wa Nyeri hadi lango la Mutubio upande wa Kinangop. Wageni huisifu kwa maporomoko yake ya maji, misitu yake ya mianzi na tambarare zake za juu zenye baridi kali, lakini habari za jinsi milima hii ilivyofunguliwa kwa magari, na za watu ambao maisha yao yalipinduliwa wakati wa kufunguliwa huko, hazisemwi sana.

Watu hao walikuwa wakulima wa Nyeri, Murang'a na Kiambu, na pia wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo kwa pamoja huitwa Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kariokor, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na mingine iliyoongezeka baadaye. Mlima na mtaa, ijapokuwa vimetengana kwa mwendo wa saa kadhaa, vilipangwa na serikali moja, katika miaka ileile, kwa fikra ileile kuhusu nani aishi wapi na nani apite wapi. Insha hii inaeleza uhusiano huo tangu miaka ya 1940 hadi leo, na inashikilia kwamba yeyote anayepanga safari ya mandhari Nyandarua hana budi kuipanga pamoja na historia yake, kwa kuwa bila historia hiyo hata umbo la njia yenyewe halieleweki.

Umbo la milima na sababu ya njia kupita ilipo

Safu ya Nyandarua, ambayo mpelelezi Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare mwaka 1884 kwa heshima ya rais wa Shirika la Kijiografia la Kifalme la Uingereza, imelala kutoka kaskazini kwenda kusini kando ya Bonde la Ufa. Kilele chake cha kaskazini, Ol Donyo Lesatima, kina kimo cha karibu mita 4,000, na kile cha kusini, Kinangop, kina mita 3,906. Upande wa magharibi milima huanguka ghafla kuelekea uwanda wa Kinangop, ilhali upande wa mashariki huteremka polepole lakini umekatwakatwa na mito mingi, ikiwemo Chania na Gura, ambayo kila mmoja umechimba bonde lake lenye kina, na kati ya bonde na bonde hubaki mgongo mwembamba wa ardhi.

Umbo hili ndilo lililoamua mapema njia zipite wapi. Mtu anayetaka kupanda kutoka mashariki hana budi kuufuata mgongo mmoja kutoka chini hadi juu, kwa sababu akijaribu kwenda sambamba na mlima atalazimika kuteremka na kupanda kila bonde. Na mtu anayetaka kuvuka hadi magharibi hupata nafasi nzuri katika tambarare iliyo kati ya vilele viwili, ambako miti hukoma na nchi hufunikwa na majani magumu ya mafundo na mimea mikubwa ya baridi. Tambarare hii, ambayo kwa sehemu kubwa iko juu ya mita 3,000, ndiyo inayotoa mandhari ya wazi kabisa ya mbuga, na ndimo mito inamoanzia safari yake kuelekea kwenye maporomoko. Poromoko la Karuru, ambalo huanguka kwa ngazi tatu zenye jumla ya mita 273, na lile la Gura lililo upande wa pili wa bonde hilohilo, yamekuwapo tangu zamani, lakini kwa karne nyingi wanyama, warina asali, wawindaji na watu waliokuja kusali ndio waliofahamu vijia vya kuyafikia.

Mwaka 1950: mji na mbuga

Sheria ya Mbuga za Taifa ya mwaka 1945 iliunda mamlaka ya kutenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori, chini ya uongozi wa Mervyn Cowie, na mbuga ya kwanza, ile ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1946. Tsavo ilifuata mwaka 1948, Mlima Kenya mwaka 1949, na Aberdare mwaka 1950. Mpango ulikuwa wazi: mgeni aweze kusafiri kwa gari, alale katika hoteli, na awatazame wanyama akiwa salama. Nyandarua ilikuwa na mwanzo wa utalii wa namna hiyo kabla ya sheria hiyo kutungwa, kwa maana mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker alikwisha kujenga kibanda cha Treetops juu ya mti, karibu na Nyeri, ambako wageni walipelekwa kwa gari hadi ukingoni mwa msitu na kumalizia safari kwa miguu wakisindikizwa na mtu mwenye bunduki. Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa katika kibanda hicho usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, siku ambayo baba yake alifariki na yeye akawa malkia.

Katika kipindi hichohicho serikali ilikuwa ikipanga upande wa mashariki wa Nairobi. Pumwani ilikuwa imeanzishwa miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, na Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu waliobomolewa nyumba zao Pangani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilitolewa ramani kuu ya mji ya mwaka 1948, ambayo ilipendekeza mitaa ya mashariki ijengwe kama vitengo vya ujirani, yaani sehemu ndogo zenye nyumba, shule, soko na uwanja wake zenyewe. Wazo hilo lilikuwa jema katika karatasi, na alama zake huonekana hadi leo katika viwanja vya Kaloleni, lakini lilikwenda sambamba na ubaguzi uliowaweka Wazungu magharibi na kaskazini penye miinuko na miti, Waafrika mashariki katika udongo mweusi unaoshika maji, na Waasia katikati. Mwafrika aliyeishi Bahati au Ziwani alihesabiwa kama mfanyakazi wa muda mjini. Kwake barabara ilikuwa njia ya kwenda kazini na kurudi, na aliyeiacha ili asafiri hadi mlimani kama mtalii angekuwa nje ya hesabu za wapangaji wote.

Mwaka 1950 uliyaleta mambo haya pamoja kwa namna ya pekee. Mwezi Machi Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya kifalme. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, mkutano wa pamoja wa chama cha siasa cha Waafrika, KAU, na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki ulimsikia Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Yeye na Fred Kubai walikamatwa majuma machache baadaye, na mgomo mkubwa ukafuata mjini. Katika mwaka huohuo Nyandarua ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Kwa hiyo, wakati serikali ilipokuwa ikiutenga msitu kwa ajili ya burudani ya wachache, madai ya kuirudisha nchi kwa wengi yalikuwa yakitolewa hadharani katika ukumbi wa mtaa wa Eastlands.

Barabara za vita

Hali ya Hatari, yaani utawala wa amri maalumu uliositisha haki za kawaida za raia, ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, na mapema mwaka 1953 misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawekwa kuwa maeneo yaliyokatazwa, ambamo mtu yeyote aliyeonekana angeweza kupigwa risasi. Mbuga ya taifa ikawa uwanja wa vita. Wapiganaji wa Mau Mau, vuguvugu lililoupinga utawala wa Kiingereza kwa silaha, wakiongozwa na watu kama Dedan Kimathi na Stanley Mathenge upande wa Nyandarua, walitumia njia za tembo na nyati zilizopita ndani ya mianzi, wakajificha kwenye mapango na mabonde ya mito, na wakajitengenezea mfumo wa mawasiliano kwa barua zilizoachwa mahali palipokubaliwa. Mti mmoja wa mugumo, ndani ya ulimi wa msitu unaochomoza kuelekea Nyeri, unaelezwa hadi leo kuwa ndio uliokuwa posta ya Kimathi.

Wapiganaji hao hawangeweza kuishi kwa uwindaji peke yake. Dawa, nguo, fedha, risasi na vijana wapya vilitoka mjini, na mji wenyewe ulikuwa Eastlands. Kamati za siri za Pumwani, Bahati, Kariokor na Shauri Moyo zilichanga fedha, madereva na makuli walibeba mizigo, na wanawake walipeleka habari. Njia ya ugavi ilianzia katika vyumba vya mtaa, ikapitia Kiambu au Murang'a, ikapanda migongo ya milima hadi ndani ya msitu. Jenerali George Erskine, kamanda wa majeshi ya Uingereza nchini, aliamini kwamba msitu hautashindwa kabla ya Nairobi kukatwa kutoka kwake.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, miaka minne na siku moja baada ya mkutano wa Kaloleni, operesheni iliyopewa jina la Anvil ilianza. Askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakaingia mtaa baada ya mtaa, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kuwapitisha kwenye uchujaji, yaani uchunguzi wa harakaharaka ambamo watoa habari waliofunikwa magunia kichwani walionyesha kwa ishara nani ashikwe. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa katika majuma yaliyofuata, bila kufikishwa mahakamani, wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Familia nyingi zilirudishwa katika vijiji vya Mkoa wa Kati, nyumba walizoziacha zikachukuliwa na wengine, na wale wachache wa makabila hayo waliobaki mjini walikusanywa hasa Bahati, ndani ya mitaa iliyozungushiwa seng'enge, wakitembea na vitabu vya pasi.

Baada ya kuukata mji, jeshi liligeukia mlima. Katika miaka hiyo ya vita wahandisi wa kijeshi walipasua njia za magari ndani ya misitu, wakifuata migongo ya ardhi ileile iliyotajwa, ili malori na mizinga yafike hadi kwenye tambarare za juu ambako kambi zilijengwa. Kando ya msitu lilichimbwa handaki refu, lenye miiba na vijiti vilivyochongwa ndani yake, ili kuwatenganisha wapiganaji na wanakijiji, na waliolichimba walikuwa wanakijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa. Mapema mwaka 1955 operesheni iliyoitwa Hammer ilipeleka vikosi vingi Nyandarua kwa wakati mmoja, huku ndege zikiangusha mabomu msituni, ingawa matokeo yake yalikuwa madogo yakilinganishwa na ukubwa wa jeshi lililotumika. Vikundi vidogo vya wapiganaji waliogeuzwa, vikitumwa msituni kuwafuata wenzao wa zamani, ndivyo vilivyofanya kazi ambayo mizinga haikuifanya. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Msafiri wa leo anapaswa kuelewa maana ya jambo hili kwa upangaji wa njia. Kabla ya vita Nyandarua ilikuwa mbuga kwa jina, lakini gari liliweza kugusa kingo zake tu. Vita ndivyo vilivyosukuma magari hadi mahali ambapo mpango wa utalii ungechukua miaka mingi kuyafikisha. Njia za jeshi zilitafuta mgongo wa kupanda, kivuko cha mto na mahali pa juu pa kutazamia adui. Mambo hayo matatu, pasipo kukusudiwa, ndiyo anayoyatafuta mpangaji wa njia ya mandhari, kwa kuwa mahali panapomwonyesha askari bonde lote ndipo panapomwonyesha mgeni bonde lote.

Uwanja wa ndege, maji na mbuga ya amani

Kazi ya waliozuiliwa ilifika mbali zaidi ya msitu. Huko Embakasi, pembezoni mwa Eastlands, watu waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari walitumiwa kuchimba na kusawazisha uwanja mpya wa ndege, ambao ulifunguliwa mwaka 1958 na ambao jengo lake la kwanza bado lipo upande wa pili wa uwanja wa Jomo Kenyatta wa leo. Watalii walioanza kuja Kenya kwa wingi katika miaka iliyofuata walitua katika uwanja huo, wakapita kando ya mitaa ya mashariki, kisha wakapelekwa Nyeri, ambako Treetops, iliyochomwa na wapiganaji mwezi Mei 1954, ilikuwa imejengwa upya mwaka 1957. Haiwezekani basi kuitenga biashara ya utalii wa milima na nguvu za watu waliotolewa Bahati na Pumwani.

Uhusiano wa pili ni wa maji. Bwawa la Sasumua, chini ya Kinangop, lilikamilika mwaka 1956, Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea, ili kukidhi mahitaji ya jiji lililokuwa likikua, na mwaka 1994 bwawa kubwa zaidi la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, lilikamilika upande wa Murang'a. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya maji ya Nairobi imekuwa ikitoka kwenye mito inayozaliwa katika tambarare na misitu ya Nyandarua. Mama wa Kayole au Umoja anayepanga mitungi akingoja zamu ya mfereji wake anaingoja mvua iliyonyesha juu ya milima hiyohiyo.

Mwaka 1959 Bill Woodley, aliyekuwa amepigana upande wa serikali msituni, alifanywa mlinzi mkuu wa mbuga za milimani, na miongoni mwa askari wa wanyamapori aliowaajiri walikuwamo watu waliowahi kuwa wapiganaji wa Mau Mau, kwa sababu hapakuwa na wengine walioujua msitu kuliko wao. Chini ya usimamizi wa mbuga, njia za vita zilichaguliwa upya: nyingine ziliachwa zimezwe na mianzi, nyingine zikatengenezwa ziwe njia za kutazamia wanyama. Baadaye usimamizi ulipita kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, linalojulikana kama KWS, lililoanza kazi mwaka 1990, na uzio wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400, uliochangiwa na shirika la hisani la Rhino Ark pamoja na serikali na wananchi, ulianza kujengwa mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2009. Ukingo wa msitu ambao ulichimbwa handaki kwa shuruti katika miaka ya 1950 ukawa sasa na uzio ambao wakulima wengi wanautaka, kwa kuwa unawazuia tembo kuingia mashambani.

Kuipanga njia leo

Eastlands nayo imebadilika. Baada ya uhuru Doonholm Road ikawa Jogoo Road. Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole na Komarock zikaongezeka kuanzia miaka ya 1970. Na majina ya Mbotela na Ofafa yakabaki katika mitaa kuwakumbuka Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi wa Kiafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Wajukuu wa waliobebwa kwa malori mwaka 1954 wana magari, vyama vya akiba, vikundi vya kanisa na vya shule, na safari ya siku mbili ya kwenda milimani imo ndani ya uwezo wa wengi wao wakichangishana. Jambo lililobaki ni mpango.

Mzunguko unaofaa huanzia Jogoo Road, hushika Outer Ring Road hadi barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, na huelekea kaskazini. Kituo cha kwanza cha historia kiko karibu sana, kwa sababu barabara hiyo hupita si mbali na gereza la Kamiti. Kutoka Thika njia huendelea kupitia Sagana na Karatina hadi Nyeri, ambako inashauriwa kulala, kwani urefu wa siku hautoshi kuuvuka mlima salama kwa mtu aliyeondoka Nairobi asubuhi hiyohiyo. Siku ya pili msafiri huingia Ruhuruini mapema, kabla ukungu wa mchana haujashuka, hupanda ndani ya msitu wa miti mikubwa, kisha ndani ya mianzi, na hatimaye hutokea kwenye tambarare za wazi, ambako vijia vya kando hupeleka kwenye poromoko la Chania na mahali pa kuitazamia Karuru. Kutoka hapo njia huvuka hadi Mutubio na kuteremka kwa ghafla hadi Ndunyu Njeru.

Marejeo yana njia mbili zinazostahili kufikiriwa. Ya kwanza hupita Engineer na Njabini, karibu na bwawa la Sasumua, na humpa msafiri nafasi ya kuyaona maji yanayokwenda nyumbani kwake. Ya pili huteremka Naivasha, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, kwenye barabara iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940, ambao waliacha kikanisa kidogo kando yake. Kazi ya wafungwa hao inakumbukwa pia katika ujenzi wa mtaa wa Kaloleni, hivyo msafiri wa Eastlands anayeipita barabara hiyo anarudi mtaani kwa njia iliyochongwa na mikono ya watu waliojenga mtaa wenyewe.

Masharti ya safari hii hayajabadilika sana tangu enzi za malori ya jeshi. Ndani ya mbuga njia ni ya udongo na changarawe, na katika miezi ya masika na ya vuli huwa matope yanayoshinda magari mengi, hivyo miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka ndiyo bora, na gari linapaswa kuwa refu kutoka chini na lenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Mafuta yajazwe Nyeri, nguo nzito zibebwe hata kama Nairobi kuna joto, na walinzi wa langoni waulizwe hali ya njia kabla ya kuingia. Kikundi chenye basi dogo la kawaida kinaweza kupanga kuishia Nyeri na ukingoni mwa msitu, pamoja na kuwatembelea wazee wanaovikumbuka vita, na safari hiyo itakuwa kamili kwa namna yake.

Swali la lami

Kwa miaka mingi kumekuwa na pendekezo la kujenga barabara ya lami kutoka Ihithe, upande wa Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, ikipita ndani ya msitu na mbuga. Ni sehemu ya hamu pana ya kuzifungua wilaya za zamani za mlimani, hamu iliyoonekana pia katika mradi wa barabara za Mau Mau, mtandao wa zaidi ya kilomita 500 katika kaunti za Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua. Mapema mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa kibali chenye masharti kwa barabara ya Ihithe, na watetezi wa msitu wakalifikisha suala hilo mahakamani. Wanaoiunga mkono wana hoja nzito: mkulima wa Ndunyu Njeru anazunguka mlima mzima ili kufika soko la Nyeri, na viazi haviwezi kungoja. Wanaoipinga husema kwamba lami huleta mwendo kasi, makazi, ukataji wa mianzi na vifo vya wanyama mahali ambapo mito ya nchi huanzia.

Historia iliyoelezwa hapa inaegemea upande wa tahadhari. Nyandarua imekwisha kukatwa barabara mara moja kwa haraka, bila wenye nchi kuulizwa, kwa hoja kwamba dharura hairuhusu kungoja, na gharama ya haraka hiyo ililipwa na watu wasioipanga. Uamuzi wa sasa unawagusa pia mamilioni wanaoishi mbali na mlima lakini wanakunywa maji yake, na kwa hiyo sauti ya Eastlands inastahili kusikika katika vikao vya umma pamoja na ya Nyeri na Nyandarua. Soko la mkulima linaweza kufikiwa kwa kuimarisha barabara zinazouzunguka msitu. Chemchemi iliyokauka haiimarishwi na mhandisi yeyote.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia waathiriwa zaidi ya 5,000 wa mateso ya Hali ya Hatari, na mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Huo ni mwanzo mzuri, lakini unabaki katikati ya jiji. Shirika la KWS, serikali za kaunti za Nyeri, Nyandarua na Nairobi, pamoja na Makavazi ya Taifa, zinaombwa kuweka vibao kando ya njia hii, kwa Kiswahili na Kikuyu pamoja na Kiingereza, vikieleza palipopita handaki, palipokuwa kambi, na njia ya ugavi ilianzia katika mitaa ipi. Vibao vya kwanza viwekwe Bahati na Kaloleni. Shule za Eastlands nazo zinaombwa kuingiza safari ya Nyandarua katika masomo ya historia, na wazazi wanaoweza wawapeleke watoto wao wenyewe wakati wa kiangazi, wakiwa na chakula, maji, nguo za baridi, na mzee mmoja anayekumbuka.